Darubini yenye kamera: nilipigwa changa la macho Mikumi

Mimi mzima, ila mfuko wangu ndiyo mgonjwa, tena mahututi. Wiki hii nimeona niyaanike mwenyewe yaliyonikuta, maana masela wangu wameshayasambaza mtaa mzima kwa namna yao, wameongeza chumvi na pilipili, na kila nikikatiza kijiweni nasikia, "Bwana Chui, vipi za porini?" Bora myasikie kutoka kwa mhusika.

Kisa kinaanzia kwa baba mdogo. Mzee huyu kaendesha basi la Dar – Mbeya miaka 22. Sasa ukienda Mbeya kwa lami, ukishaipita Morogoro lazima ukatize katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kipande cha kama kilomita 50 hivi, na pale dereva hasimami kushangaa wanyama. Abiria wana haraka zao, na bosi ana saa yake. Kwa hiyo baba mdogo tembo kawaona, twiga kawaona, nyati na pundamilia kawaona, nyani wasio na adabu ndiyo usiseme. Lakini wote hao kawaona kwa pembeni ya jicho moja, lile lingine liko barabarani. Chui hajapata kumwona hata mkia. Miaka 22! Siku alipostaafu akatuambia mezani, kwa utani utani tu, kwamba yeye chui atakayekufa amemwona ni yule wa kwenye kitenge cha mama mdogo.

Watu tulicheka, lakini mimi nilikwenda nalo kitandani.

Sisi vijana watano wa mtaa mmoja huku Sinza tuna mchezo wetu wa kuchangishana kila mwezi. Yupo fundi simu, yupo dada wa saluni, yupo wa bodaboda, yupo mmoja mwalimu wa tuisheni, na mimi mwandika magazetini. Tukakubaliana safari hii pesa zisiende kwa mtu, ziende Mikumi, na mzee tumbebe bure. Juu ya nauli na kiingilio kila mtu akatoa 70,000 nyingine ya kununua mtambo wa kuonea wanyama, uwe mali ya kikundi, maana tuna mpango wa kuendelea na hizi safari. Sabini mara tano ni 350,000. Wekundu wa Msimbazi 35 mkononi mwangu! Nilikabidhiwa mimi kwa sababu moja tu: eti kwa vile naandika, najua mambo.

Nikaenda Kariakoo. Dukani (jina kapuni, sitaki kesi) kulikuwa na darubini mbili zimekaa jirani. Moja nyeusi, ya kawaida kabisa, imeandikwa 8x42, bei 290,000. Haina taa, haina kitufe, haina hata betri. Nyingine ilikuwa imependeza kama bitozi wa disko. Ni darubini, lakini katikati ya yale macho mawili ina jicho la tatu, kamera, na juu ina kioo kidogo cha kufunuka cha kuonyesha picha. Boksi limeandikwa 40x60 kwa namba kubwa, megapikseli 48, video, na picha ya simba kafungua mdomo mpaka unamhesabia magego. Bei 320,000.

Muuzaji akanitazama usoni, akajua huyu wa kwangu. "Kaka, hii unaangalia na kupiga hapo hapo. Ile nyeusi utamwona mnyama, halafu utawaonyesha nini watu?"

Msomaji, hilo swali lilinimaliza. Utawaonyesha nini watu? Nikahesabu noti, na chenchi nikanunua memori kadi. Nikarudi Sinza natembea kwa maringo kama nimenunua gari.

Safari yenyewe haikuwa na matatizo. Tulipanda treni ya SGR mpaka Morogoro, ile iliyoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, na baba mdogo njia nzima alikuwa analalamika kwamba haina hata konda wa kugombana naye. Morogoro tukakodi Land Cruiser ya paa la kufunguka pamoja na dereva wake mwongoza watalii, tukalala mjini Mikumi, na alfajiri tukaingia hifadhini. Kwa wasioijua, Mikumi ni hifadhi ya tangu mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na kutoka Dar ni kama kilomita 280. Serengeti inaimbwa zaidi, lakini kwa mtoto wa mjini mwenye mchezo wa sabini sabini, hii ndiyo Serengeti yetu.

Basi bwana, tukiwa uwanda wa Mkata, saa mbili kasoro, jua bado laini, dereva akakanyaga breki taratibu, akazima gari. Akanong'ona, "Mti ule, tawi la chini, kushoto." Kwa macho makavu mimi niliona tawi tu. Kutoka barabarani mpaka pale palikuwa na kama mita 150, na gari haliruhusiwi kuacha njia likaingia majanini. Nikainua mtambo wangu. Chui! Kalala juu ya tawi, miguu inaning'inia huku na huku, mkia umeshuka chini kama kamba ya kengele.

Baba mdogo alikuwa nyuma yangu. Akanigusa bega. "Nipe na mimi nimwone, mwanangu."

Nikamjibu, na jibu hili ndilo masela wananitania nalo mpaka leo: "Subiri kidogo baba, nipige picha kwanza."

Nikabonyeza kitufe. Mtambo ukatikisika. Nikatazama kioo cha juu, nikaona mti una ukungu. Nikabonyeza tena. Darubini machoni inaonyesha chui wa kueleweka, lakini kwenye kioo cha picha chui kawa punje ya mchele. Nikatafuta kitufe cha kuvuta, nikavuta, punje ikawa doa. Nikaweka video. Betri ikaanza kuwaka nyekundu. Kote huko mzee kanishika bega, hasemi kitu. Nilipomgeukia nimpe, kwanza alibidi atafute pa kuweka macho, maana ana miwani, na ule mtambo kwa mwenye miwani unaonyesha kitundu kama cha ufunguo. Akavua miwani. Akaanza kutafuta mti. Chui naye akainuka, akajinyoosha kama paka wa shangazi, akashuka kichwa chini, akazama kwenye majani marefu. Basi. Dakika moja na nusu, labda mbili.

"Nimeona mti," alisema baba mdogo. "Mti mzuri."

Hakuna aliyecheka. Dada wa saluni alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulielezea humu gazetini.

Hapa naomba tuachane na porini kidogo, nikueleze nilichokuja kukijua baadaye. Maana tuliporudi nilikaa na fundi simu usiku mzima tunauchambua ule mtambo, na tangu siku hiyo nasoma habari za darubini kama mtu anayejiandaa na mtihani wa fomu foo.

Kwanza zile namba. Ukiona 8x42, ile 8 ni mara ngapi mnyama anasogezwa. Chui wa mita 150 kwa 8 anakuwa kama yupo mita 19 hivi, sawa na kutoka mlangoni kwako mpaka kwa jirani wa pili. Ile 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hicho ndicho kinachoingiza mwanga. Kioo kipana, mwanga mwingi, na wewe alfajiri na magharibi ndipo unapouhitaji, maana ndipo wanyama wengi wanapotembea. Watu tunapenda namba kubwa ya mbele, tunadhani 20 ni bora kuliko 8. Wapi! Darubini inakuza mnyama na inakuza vilevile mtetemeko wa mkono wako. Mkono ukitikisika kidogo, kwa 8 unatikisika mara nane. Ndiyo maana wazoefu wengi wanaishia 8 au 10, na ukitaka zaidi ya hapo uwe na stendi ya miguu mitatu, au zile darubini zenye mashine ya kutuliza mtikisiko ndani yake. Canon walianza kuziuza hizo mwaka 1995, na bei yake nayo inatikisa.

Sasa ile 40x60 yangu? Fundi simu alichukua rula ya mdogo wake wa shule. Akapima kioo cha mbele: milimita 25. Wapi 60? Halafu akaishika darubini mbali na uso, akaielekeza dirishani kwenye mwanga (siyo kwenye jua, jua litakupofua kweli kweli), na kule upande wa kuwekea macho kukatokea kiduara kidogo cha mwanga. Akakipima: kama milimita 3. Ukigawa 25 kwa 3 unapata 8 na kidogo. Hiyo ndiyo nguvu yake halisi, kwa makadirio ya rula. Yaani nilikuwa na ka-8x25 kamevaa suti ya 40x60! Hesabu hii ya darasa la nne ningeifanya palepale dukani ningeokoa heshima yangu. Nenda na rula, msomaji. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Na hizo megapikseli 48? Fundi alizifungua picha kwenye kompyuta, akazikuza, akasema hii ni picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa, kama chapati ya unga kidogo iliyosukumwa mpaka inaonyesha meza. Kidude cha ndani kinachopokea picha ni kidogo kuliko cha simu yangu yenyewe, na simu yangu mnaijua, imepasuka kona mbili.

Lakini hata tuseme kisingekuwa feki. Ubaya wenyewe upo kwenye lile wazo la kuunganisha, hasa kwa bei zetu hizi. Kwenye nyingi za bei ya chini lile jicho la kamera halioni kinachoonwa na macho yako. Lina njia yake, lenzi yake, na lenzi yenyewe haisogei. Wewe unazungusha gurudumu la katikati mpaka madoa ya chui yanasimama wazi, unafurahi, kumbe kamera pale katikati haina habari, iko palepale ilipowekwa kiwandani. Tena kuna kipimo kimoja rahisi: kwenye kamera za kawaida lenzi ya milimita 50 ndiyo inayohesabika inaona karibu kama jicho la mtu. Ili picha ilingane na darubini ya 8, unahitaji lenzi yenye nguvu ya milimita 400 kwa hesabu hiyo. Kamera ya katikati ya darubini yangu haikukaribia hata robo. Ndiyo maana machoni chui kajaa, kwenye picha punje ya mchele.

Kuna watakaosema huyu kaungua na kifaa kimoja, sasa analaani vyote. Hapana, tuwe wakweli. Wazo hili ni la zamani na limefanyiwa kazi na watu wenye akili zao. Mwaka 1968 Wajapani walitoa Nicnon, darubini ya 7x50 iliyobeba kamera ya filamu mgongoni. Mwaka 2011 Sony wakaleta za kwao, DEV-3 na DEV-5. Hizo huangalii kwa kioo moja kwa moja, unaangalia viruninga viwili vidogo, kwa hiyo unachokiona ndicho kinachorekodiwa. Safi sana, ila betri ikikata na darubini imekata, umebaki na tofali. Na DEV-5 ilianzia karibu dola 2,000 za Marekani. Halafu mwaka 2024 Swarovski wa Austria wakatoa AX Visio, darubini ya 10x32 yenye kamera ya megapikseli 13 na kompyuta ndani inayokutajia jina la ndege unayemwangalia. Kwa mtu wa ndege hiyo ni raha ya ajabu, na hata ukiizima unaendelea kuona kwa vioo. Bei yake ilipotoka ilikuwa inakaribia dola 4,800. Badili mwenyewe kwa shilingi, mimi kikokotoo changu kiliona aibu. Na pamoja na pesa zote hizo, megapikseli 13 ni chache kuliko za simu nyingi zinazouzwa hapo barabarani.

Kwa hiyo mwenye pesa ya kuchezea, anayekwenda porini peke yake, hataki kubeba vitu viwili, na anataka picha ya kumbukumbu tu, siyo ya kutundika ukutani, huyo kifaa cha kuunganisha kizuri kitamfaa. Sisi wengine je?

Hapa nirudi porini, maana jibu lilitoka kwa yule dereva.

Baada ya lile tukio la chui gari lilikuwa kimya mpaka bwawa la viboko. Dereva, nadhani alituonea huruma, akafungua kisanduku cha mbele akatoa darubini yake. Nzee! Mpira umebanduka, mkanda umefungwa kwa kamba ya kiatu, namba 8x42 zimefutika nusu. Akampa baba mdogo. Akamwelekeza taratibu, kwa adabu, kama kijana anayemsaidia mzee kuvaa koti. Kwanza, mzee usivue miwani, haya masikio ya mpira ya kwenye macho yazungushe yashuke chini, ndiyo yametengenezwa hivyo kwa wenye miwani. Pili, zikunje au zikunjue mpaka uone duara moja, siyo mawili. Tatu, ziba kioo cha kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Nne, sasa ziba cha kushoto, na uzungushe kile kipete cha jicho la kulia peke yake mpaka nalo lione wazi. Ukishamaliza hapo kipete usikiguse tena, siku nzima unacheza na gurudumu la katikati tu.

Nakwambia ukweli, mimi hicho kipete nilikuwa nakiona ni pambo. Ni watu wangapi wanazirudisha darubini wakisema zinaumiza kichwa, kumbe hawajawahi kuzipima na macho yao!

Jioni, kama saa kumi na moja, tukamkuta simba dume juu ya kichuguu, mbali, zaidi ya mita 200. Dereva akazima gari, maana injini ikinguruma kila kitu kinatetemeka. Dada wa saluni akaviringisha kanga yake, akaiweka pembeni ya paa lililofunguliwa, na mzee akaegemeza darubini juu yake. Wenye kazi hiyo hutumia mfuko mdogo wa maharage, unakaa vizuri zaidi, lakini kanga ilitosha. Kimya. Halafu baba mdogo akasema, hajaondoa macho, "Ana nzi usoni. Saba. Hapana, nane. Sikio la kushoto limechanika."

Gari zima tukapokezana. Kila mtu aliona nzi wake.

Na hapo ndipo fundi simu alipotoa kituko. Aliweka simu yake, kamera juu ya jicho moja la ile darubini nzee, akaziba mwanga wa pembeni kwa kiganja, akahangaika kidogo kuipata katikati, akapiga. Msomaji, ile picha ilimwonyesha simba na sikio lake lililochanika! Pembeni ina kivuli cheusi cha duara, ndiyo, lakini ni simba, siyo doa. Simu na darubini, vitu viwili tofauti visivyojuana, vimepiga picha kuliko mtambo wangu wa 320,000. Kwa mnyama aliyetulia mbinu hii ni bomba. Kwa anayekimbia usijisumbue, utapiga majani. Siku hizi kuna na vishikizo vya kubana simu kwenye darubini, lakini fundi wetu baadaye alitengeneza cha kwake kwa kifuniko cha dumu na sponji ya kuoshea vyombo, na kinafanya kazi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi leo, na wengi mmeshaniuliza: nunua darubini kwanza, ya kawaida, 8x42, au 8x32 kama hutaki uzito. Omba ile iliyofungwa vizuri na kujazwa gesi ya naitrojeni ndani, vumbi na ukungu haviingii. Vaa shingoni mkanda mfupi, siyo wa kuning'inia tumboni. Picha za wanyama walio karibu zitapigwa na simu uliyonayo. Pesa ikija kupatikana tena, ndipo utafute kamera yenye kuvuta kwa kioo, siyo kwa kompyuta. Kuvuta kwa kompyuta ni kuikata picha na kuipanua, ndiyo ile chapati yetu. Nikon P900 ya mwaka 2015 inafika nguvu ya milimita 2,000, na P1000 ya mwaka 2018 inafika 3,000, ila hiyo ya pili ina uzito wa kilo moja na nusu kasoro, na ukivuta mpaka mwisho bila kuegemea kitu unamtafuta tembo humpati. Za mitumba zipo, lakini jaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Mimi sitaki tena kusikia maneno ya boksi.

Na usisahau kwamba saa sita mchana hakuna kifaa kitakachokusaidia. Ardhi ikishapata moto hewa inachezacheza kama juu ya jiko la mkaa, na ukikuza mnyama unaikuza na hiyo hewa. Tulimlaumu mtambo wangu na kwa picha za mchana, lakini hapo nilimtetea. Hata darubini ya dereva ilionyesha nyumbu wanaoyeyuka.

Vitu viwili vina usumbufu wake, silifichi. Unabeba mizigo miwili, na wakati unashusha hiki unapandisha kile mnyama anaweza kuondoka. Ila vitu viwili vinashikwa na watu wawili. Nilikifikiria sana hicho. Kama pale kwenye mti ningekuwa na simu tu mkononi, na darubini ya 290,000 iko kwa baba mdogo, mimi ningekosa picha, sawa, ningeikosa vilevile kama nilivyoikosa. Lakini yeye angekuwa na dakika yake moja na nusu. Mtambo mmoja una kazi mbili, na mwenye kuushika anachagua kazi mojawapo. Mimi nilichagua.

Kikao cha kikundi kilikaa Jumapili iliyofuata, ajenda moja. Sikujitetea. Mtambo niliuuza 90,000 kwa jamaa anayemtafutia mwanawe kitu cha kuchezea, na nilimwambia wazi kila kasoro yake, mpaka rula nilimwonyesha. Tofauti, 230,000, nalipa mimi kidogo kidogo kila mwezi, na wamenipa masharti kama ya benki. Kwa sasa sanduku lina 210,000. Nilipita tena Kariakoo, duka lingine, nikaikuta 8x42 nyeusi, nikatoa rula yangu. Kioo cha mbele milimita 42 kweli. Kiduara milimita 5 na kidogo. Muuzaji akauliza kama mimi ni fundi.

Juzi usiku baba mdogo kanipigia simu. Hajambo, mama mdogo hajambo, mvua huko kwao imenyesha, nauli zimepanda. Nikajua kuna jambo linakuja. Akakohoa.

"Hiyo mnayonunua mara hii, ina kamera?"

"Haina, baba."

"Haya. Niwekee kiti cha dirishani."